Ameshafungwa mara mbili: je, kesi ya tatu imeshaamuliwa?

"Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Amewahi kufungwa mara mbili kwa wizi, na mara ya mwisho alitoka miaka minne iliyopita. Sasa amekamatwa tena pamoja na vijana watatu. Pikipiki iliibwa usiku, mlinzi akapigwa akavunjika mkono. Yeye anasema alikuwa upande wa pili wa barabara, hakugusa kitu, wala hakujua kama kungetokea vurugu. Kila mtu anatuambia tusijisumbue: mwenye rekodi ya wizi hahitaji ushahidi, hakimu akiona jina lake tu amemalizana naye. Mpelelezi amemshauri akiri ili apunguziwe. Nyumbani tunajua anatumia dawa za kulevya na matatizo yote yameanzia hapo. Mama anataka kupeleka wazee wakaseme mahakamani kwamba ni kijana mwema. Je, kuna matumaini? Tufanye nini?"

Dada, pole sana. Barua yako imebeba mambo manne, na wanaowashauri wameyasokota yakawa kamba moja: rekodi yake, mkono wa mlinzi, dawa za kulevya, na huo ushauri wa kukiri. Nitayafumua, maana sheria inalijibu kila moja kwa njia yake. Naanza na hilo linalowanyima usingizi: hapana, kufungwa mara mbili huko nyuma si ushahidi kwamba aliiba pikipiki hii.

Kesi ya jinai ina maswali mawili yanayofuatana. La kwanza: alitenda? La pili huja baada ya kutiwa hatiani tu: aadhibiwe vipi? Katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, rekodi ya zamani ni ya swali la pili. Kwenye lile la kwanza, kwa kawaida hakimu hatakiwi hata kuisikia. Hati ya mashtaka itataja tarehe, mahali, pikipiki yenye namba yake na mwenye mali. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha hayo bila kuacha shaka ya msingi, na mzigo huo haupungui hata kilo moja kwa sababu mshtakiwa ana historia mbaya.

Wengi huiona kanuni hii kama huruma kwa wezi. Hebu angalia polisi wanavyoanza kazi. Wakiletewa taarifa ya wizi wa usiku, mara nyingi wanaanza na watu wanaojulikana. Ikiwa mdogo wako alitafutwa kwa kuwa yumo kwenye orodha hiyo, rekodi yake imeshafanya kazi: ndiyo iliyomfikisha kituoni. Lakini kila aliyemo kwenye orodha ile ana rekodi, aliyeiba na asiyeiba. Hakimu akiichukua rekodi hiyohiyo kama uthibitisho, jambo moja limehesabiwa mara mbili, na mwizi ambaye hajawahi kukamatwa analala kwake kwa amani. Ndiyo maana hukumu ya mwaka 1894 katika shauri la Makin, lililotoka New South Wales, Australia, ilisema wazi kwamba upande wa mashtaka hauruhusiwi kuleta makosa mengine ya mshtakiwa ili tu kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa aina ya kutenda kosa kama hilo. Kanuni hiyo imeenea sana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kwa mfano, kinakataza ushahidi wa makosa ya nyuma au tabia mbaya ya mshtakiwa, halafu kinataja hali maalumu ambazo unaweza kupokelewa.

Hizo hali maalumu ndizo nataka mzijue vizuri, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapoumia.

Mlango wa kwanza ni kufanana kusiko kwa kawaida. George Joseph Smith alishtakiwa Uingereza mwaka 1915 kwa kumuua mwanamke aliyefunga naye ndoa, aliyekutwa amekufa ndani ya hodhi la kuogea. Alidai ni ajali. Mahakama iliruhusu ushahidi kwamba wanawake wengine wawili aliofunga nao ndoa walikufa vilevile, ndani ya hodhi, na kila mara yeye alinufaika kwa fedha. Ushahidi huo haukuletwa kusema "huyu ni mtu mbaya". Uliletwa kwa sababu ajali tatu za namna ile kwa mtu mmoja haziaminiki. Kwa mdogo wako swali ni hili: zile kesi mbili za zamani zilikuwa wizi wa namna gani? Kama aliiba simu mchana kwenye msongamano wa watu, hakuna kinachoziunganisha na pikipiki ya usiku isipokuwa neno "wizi", na neno halitoshi. Kama mara zote mbili alivunja kufuli la pikipiki kwa kifaa kilekile, saa zilezile, akamwondoa mlinzi kwa ujanja uleule, wakili wake ajiandae kupinga ushahidi huo mapema.

Mlango wa pili ndio mama anaotaka kuufungua kwa mkono wake mwenyewe. Mshtakiwa akileta mashahidi wa kumsifu kwamba ni mwema na mwaminifu, ameiweka tabia yake mezani, na upande wa mashtaka unapata haki ya kujibu. Jibu lao litakuwa zile hukumu mbili. Mzee anasimama kwa nia njema, anasema "huyu kijana namfahamu, hana tabia ya wizi", kisha mwendesha mashtaka anamuuliza kama anajua kijana alifungwa lini na lini. Hakimu ambaye hakuwa amesikia lolote sasa amesikia yote, tena kupitia shahidi wenu. Mshtakiwa mwenyewe anaweza kuufungua mlango huo kizimbani kwa sentensi moja: "Mimi sijawahi kuiba maishani mwangu." Anaweza pia kuufungua kwa kumshambulia shahidi: kumwambia mlinzi kwamba usiku ule kulikuwa na giza na hakuwaona vizuri si tatizo, lakini kumwita mwongo na mlevi wa siku zote kunaweza kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuuliza habari za tabia ya mshtakiwa mwenyewe. Mwambie mama asiwaache wazee. Awatunze. Siku yao ipo, nitaifikia.

Pia nisiwafiche kwamba mifumo hailingani. Ufaransa, na nchi zilizorithi mfumo wa aina hiyo, jalada linalowekwa mbele ya majaji linaweza kuwa na rekodi ya mshtakiwa tangu mwanzo, na kinga inatafutwa kwenye wajibu wa jaji kutoa sababu za hukumu. Na popote pale rekodi ina uzito kwenye dhamana, kwa sababu hapo swali ni kama atarudi mahakamani na kama kuna hatari ya kutenda kosa jingine. Dhamana ikikataliwa kwa sababu ya rekodi, msidhani kesi imeshaamuliwa.

Sasa mkono wa mlinzi. Hapa nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye rekodi, na ningetaka nguvu zenu ziende huku. Nguvu ikitumika ili kuchukua mali, kosa halibaki kuwa wizi. Linakuwa unyang'anyi, na jina la shtaka linaweza kubeba uzito kuliko kurasa zote za rekodi. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha una kima cha chini cha kifungo cha miaka 30, hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani. Kenya, unyang'anyi wa kutumia nguvu unaofanywa na mtu akiwa na wenzake umewekewa adhabu ya kifo kwenye Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayeandaa utetezi ni: ameshtakiwa kwa kifungu gani hasa? Chukueni nakala ya hati ya mashtaka, msitegemee kilichosemwa kituoni.

Je, anawajibika kwa kipigo ambacho hakukipiga? Msingi ni kwamba kila mtu hujibu kwa tendo lake na nia yake. Lakini sheria ina kanuni ya nia ya pamoja. Iko kwenye kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 23 cha Tanzania, kwa maneno yanayokaribiana. Watu wawili au zaidi wakikubaliana kutekeleza jambo haramu, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya jambo hilo, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Makubaliano hayahitaji kikao wala maandishi. Yanaweza kuonekana kwa matendo. Uingereza, mahakama yake ya juu kabisa ilirekebisha kanuni hii mwaka 2016 katika shauri la Jogee: kule, kuona tu kwamba mwenzako huenda akadhuru mtu ni ushahidi wa nia, lakini hakutoshi kuwa nia yenyewe.

Kusimama ng'ambo ya barabara peke yake si kosa. Kusimama pale ili upige mluzi mtu akitokea ni kushiriki. Mwili umesimama palepale, kwa namna ileile. Kinachotofautisha ni kusudi, na kwa kuwa kusudi halionekani kwa macho, mahakama italisoma kwenye vitu vinavyoonekana. Nani alimpigia simu usiku ule, saa ngapi? Walifika pamoja? Mlinzi alipopiga kelele, yeye alifanya nini: alikimbia na wenzake njia moja, alibaki, alikwenda kwake? Pikipiki ilikutwa wapi, na kwa nani? Alipewa fedha yoyote baadaye? Wakili atahitaji majibu ya kweli ya maswali haya, yakiwemo mabaya. Mshtakiwa anayemficha wakili wake simu ya saa sita usiku ataisikia ikisomwa na upande wa pili kutoka kwenye rekodi ya kampuni ya simu, na hapo hata sehemu ya kweli ya maelezo yake haitaaminika tena. Na msimfundishe cha kusema. Maelezo yaliyokaririwa huvunjika kwenye maswali ya tatu au ya nne.

Kuhusu kukiri, mpelelezi hatoi adhabu, kwa hiyo hana cha kumpunguzia. Ni kweli kwamba kukiri mapema mbele ya mahakama huweza kupunguza adhabu. Miongozo ya Uingereza na Wales hufika hadi theluthi moja kwa anayekiri hatua ya kwanza. Lakini inategemea anakiri nini, na kama kosa lina kima cha chini, punguzo halina pa kuingilia. Kukiri kwamba "nilikuwepo" si kukiri wizi, na kukiri wizi si kukiri unyang'anyi. Mahakamani atasomewa shtaka, kisha maelezo ya tukio, na ataulizwa kama ni kweli. Akijibu "ni kweli" kwa yote, ameukubali pia mkono uliovunjika. Akijibu "ni kweli nilikuwepo, lakini sikujua kama wangempiga mtu", huko si kukiri kamili, na mahakama inapaswa kuandika kwamba amekana na kesi isikilizwe. Mwambieni aeleze maelezo yake yote kwa maneno yake, asiyafupishe kuwa "ndiyo" kwa uchovu au kwa kutaka yaishe.

Hapo ndipo dawa za kulevya zinapoingia kwa mara ya kwanza, na si pale watu wanapodhani. Mtumiaji wa heroini akikaa selo siku moja au mbili bila dawa hupata arosto: kutetemeka, kutapika, kuharisha, maumivu ya viungo, kukosa usingizi. Mtu wa namna hiyo atasaini karatasi yoyote ili atoke chumbani mle. Kama alitoa maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, akiwa katika hali hiyo, wakili anaweza kupinga yasipokelewe, kwa hoja kwamba hayakutolewa kwa hiari au hayaaminiki. Kwa hiyo andikeni sasa, kabla hamjasahau: alikamatwa siku gani na saa ngapi, alitumia dawa mara ya mwisho lini kwa kadiri mnavyojua, maelezo yalichukuliwa lini, nani alimwona akiwa mgonjwa. Ombeni aonwe na daktari, na ombi liandikwe. Mwambieni daktari anatumia nini hasa, maana dawa na pombe hazifanani katika kuachwa ghafla: pombe, na baadhi ya dawa za usingizi, zikikatizwa ghafla kwa mtu aliyezizoea zinaweza kuleta kifafa na hata kuua.

Kama kinga dhidi ya hatia, uraibu hausaidii sana. Marekani, Mahakama Kuu ilisema mwaka 1962 katika shauri la Robinson kwamba kumfanya mtu mhalifu kwa sababu tu ni mraibu ni adhabu isiyokubalika: hiyo ni hali, si tendo. Miaka sita baadaye, katika shauri la Powell, ilikataa kwenda mbali zaidi, ikaiacha isimame hatia ya mlevi aliyekutwa amelewa hadharani. Nchi nyingi zimesimama karibu na hapo. Hali ya mtu haiadhibiwi, tendo lake linaadhibiwa, na aliyelewa kwa hiari yake hasameheki kwa sababu alilewa, isipokuwa katika hali chache, kama ulevi ulimfanya asiweze kabisa kuwa na nia mahususi inayotakiwa na kosa hilo. Msijenge utetezi wote juu ya dawa. Zinafaa zaidi kwenye swali la pili, la adhabu.

Na tuseme amefika huko: ametiwa hatiani, kwa shtaka lolote. Sasa rekodi inatolewa hadharani. Jambo la kwanza ni kuihakiki. Kukamatwa si kutiwa hatiani, kesi iliyofutwa si hatia, na hukumu iliyotenguliwa kwenye rufaa haihesabiwi. Majina yanafanana, alama za vidole hazifanani. Asiikubali rekodi isiyo yake kwa kuogopa kubishana. Akikana, upande wa mashtaka unapaswa kuithibitisha.

Halafu inapimwa, na duniani hakuna mzani mmoja. Ujerumani ilikuwa na kifungu cha jumla kilichopandisha kima cha chini cha adhabu kwa mrudiaji, ikakifuta mwaka 1986, ingawa majaji wake bado wanaruhusiwa kuyaangalia maisha ya nyuma ya mshtakiwa. Mahakama Kuu ya Australia ilisema mwaka 1988, katika shauri la pili la Veen, kwamba rekodi inaweza kuonyesha kama kosa ni kuteleza au ni dharau inayoendelea, lakini haiwezi kuivusha adhabu zaidi ya uzito wa kosa lililopo mbele ya mahakama. California ilikwenda kinyume. Chini ya sheria yake ya mwaka 1994 iliyopandisha sana adhabu ya kosa la tatu, Gary Ewing, mwenye hukumu nyingi za nyuma, aliondoka dukani akichechemea kwa sababu alikuwa amezificha fimbo tatu za gofu mguuni mwa suruali, kila moja dola 399. Alipewa kifungo cha kuanzia miaka 25 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha adhabu hiyo isimame kwa kura tano dhidi ya nne. Mwaka 2012 wapiga kura wa California waliilegeza sheria hiyo, ili adhabu ya namna ile kwa kawaida itolewe pale tu kosa la tatu lenyewe ni zito au la kutumia nguvu.

Mimi nasimama na wanaosema kwamba rekodi humnyima mtu upole polepole, haimwongezei deni jipya. Kosa la kwanza tunasema binadamu huteleza, la pili tunasema hivyo kwa sauti ndogo, baadaye hatusemi tena. Lakini adhabu haipandi juu ya kile ambacho kosa lenyewe linastahili. Kifungo cha kwanza na cha pili ameshakitumikia. Kumlipisha tena ni kumwadhibu kwa kuwa yeye, na sheria inayodai kumwajibisha mtu kwa matendo yake haiwezi kufanya hivyo bila kujikana. Hata hivyo hakimu wenu atafuata sheria ya nchi yenu, kwa hiyo mulizeni wakili kama kuna kifungu kinachopandisha adhabu kwa mrudiaji wa kosa hilo.

Palipo na nafasi ya kupima, vitu vinavyosikilizwa ni vya wazi: makosa ya zamani yana umri gani, yanafanana na hili au la, yalikuwa na uzito gani, na katikati mtu aliishije. Ile miaka minne bila kesi ni hoja yenu kubwa. Ithibitisheni kwa alipofanya kazi, malipo aliyopokea, aliyemfundisha ufundi. Sasa ndiyo siku ya wazee, na sasa wanaweza kusema bila kuogopa rekodi, kwa sababu imeshasomwa. Wasiseme tu ni mwema. Waseme nani atakaa naye, nani atamsindikiza kwenye matibabu, nani atatoa taarifa akipotea. Kuhusu dawa, barua ya kituo cha tiba inayosema nafasi ipo na ataanza tarehe fulani ina uzito kuliko machozi na ahadi. Ombeni taarifa ya ofisa wa uangalizi iandaliwe kabla ya adhabu kutolewa, na muikumbushe mahakama muda aliokaa rumande.

Kumlipa mlinzi matibabu ni jambo jema na mahakama huliangalia. Lakini msimfuate nyumbani kwake. Yeye ni shahidi, na ziara ya familia yenye bahasha inaweza kuitwa kumhonga au kumtisha, nanyi mkashtakiwa. Ofa ipitie kwa wakili.

Wakili mtafuteni leo, kabla hajatoa maelezo mengine yoyote, na hasa kama shtaka ni unyang'anyi, kama ameshasaini karatasi, au kama ni mgonjwa. Kama hamna fedha, mwambieni hakimu hivyo waziwazi mwanzoni kabisa: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unatambua haki ya kupewa wakili bila malipo pale maslahi ya haki yanapodai na mshtakiwa hana uwezo, na makosa mazito ndiyo mfano wa kwanza wa hali hiyo. Jibu hili haliwezi kuchukua nafasi ya mtu aliyesoma jalada.

Hukumu ikitoka na hamkuridhika, siku zinaanza kuhesabiwa hapohapo. Kutoka mahakama za chini, Kenya ni siku 14 kukata rufaa. Tanzania, kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ni siku 10 kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 kuwasilisha rufaa yenyewe. Siku hiyohiyo andikeni tarehe, ombeni nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri kwa maandishi, na mbaki na nakala ya ombi iliyogongwa muhuri.